Namba Husomwa Mwisho

Mwezi uliopita, siku ya mnada, binti mmoja aliteremka kwenye bodaboda mbele ya karakana yangu hapa Katesh akiwa amekumbatia fremu ya baiskeli kama mtu anayemshikilia mgonjwa. Haikuwa na magurudumu, wala usukani, wala kiti. Mifupa mitupu, rangi nyeusi iliyochubuka, na vumbi la njia nzima ya kutoka Yaeda Chini. "Shikamoo, mzee," akasema. "Marahaba, mwanangu. Unatoka wapi na maiti huyo?" Hiyo ndiyo tabia yangu, nimezaliwa na mdomo unaotangulia akili kwa hatua kumi, na wateja wangu wamezoea. Yeye hakucheka. Aliilaza fremu juu ya gunia taratibu, akajipangusa mikono, akasema, "Mimi ni Magreti. Baba yangu ni Paskali, yule wa Bashay. Tulimzika majuma mawili yaliyopita." Nilitafuta kigoda nikae, nacho kilikuwa nyuma yangu muda wote.

Alichotaka kilikuwa kidogo. Kuna mtu wa Arusha ananunua baiskeli za zamani na kuzitundika ukutani hotelini ili wageni wapige picha, na mtu huyo alitaka karatasi yenye mwaka wa fremu, iliyosainiwa na fundi anayejua. Kila aliyeulizwa, kuanzia Mbulu hadi Singida, alimwelekeza kwangu. Hapo sijivuni bure. Watu hunitumia picha za fremu kwa simu kutoka miji ambayo sijui hata iko upande gani wa dunia, nami huwajibu nikiwa nakunywa chai: hii ni ya enzi za karabai, hii ni ya juzi, hii ni bibi yake ile. Lakini ile iliyolala juu ya gunia sikuhitaji kuambiwa ni ipi. Niliijua kama mtu anavyolijua kovu lake mwenyewe.

Habari za ukoo wangu nitaziruka, zinanichosha hata mimi. Nianzie mwaka niliokuwa na miaka ishirini na minne, nikiwa fundi msaidizi wa Mzee Salimu, Mrangi wa Kondoa aliyehamia Katesh kabla barabara haijanyooka. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichopakana na nyumba yake, na kati ya chumba na nyumba palikuwa na pazia la khanga ambalo lilizuia macho lakini halikuzuia neno hata moja. Kuta zilijaa misumari, na kila msumari ulikuwa na kazi yake: huu wa minyororo, huu wa breki za vyuma, huu wa kofia yake. Palinuka gundi ya viraka na tangawizi. Nyuma, uani, kulikuwa na lundo la fremu zilizokufa, refu kama Mlima Hanang wenyewe, au tuseme nusu yake, na upepo ukivuma kutoka mlimani mabomba yote yalilia kwa pamoja kama kwaya isiyo na mwalimu. Mchana mkewe, Mama Zuhura, alipitisha sinia chini ya pazia: ugali ambao ungeweza kuezekea nyumba, na mlenda unaoteleza mpaka unasahau kutafuna. Nilikula, nikanenepa, na kila jioni saa kumi na moja nilinawa mikono kwa majivu nikaenda darasa la watu wazima katika shule ya msingi. Madawati yalikuwa ya watoto. Magoti yangu yaligusa kidevu, na hivyo ndivyo nilivyosoma mpaka kidato cha pili, nimejikunja kama panzi.

Mzee Salimu hakuwahi kukaa darasani, lakini umri wa fremu aliusoma kama wengine wanavyosoma meno ya ng'ombe. Aliifundisha kazi hiyo kwa utaratibu mmoja asioubadilisha: kwangua, gonga, kisha ndipo usome. Unaanza kukwangua rangi kidogo pale mabomba yanapoungana, uone shaba iliyotumika kuunganishia. Shaba ya kiwandani ni nyembamba na ya manjano, imejificha kama uzi ndani ya pindo. Viungo vya zamani vilichongwa kwa tupa mpaka vikawa vyembamba pembeni, na vya baadaye ni vinene, vya haraka. Kisha unagonga kwa ncha ya chuma usikilize kama fremu nzima inaitikia kwa sauti moja. Ukimaliza hayo yote ndipo unaigeuza miguu juu, unafuta grisi pale chini panapopita mhimili wa pedeli, unasoma herufi na namba zilizogongwa hapo. Alikuwa na daftari lenye herufi hizo, na mbele ya kila moja ameandikiwa na mtu jina la mteja wa kwanza na mwaka alionunua. Daftari hilo nililikariri lote. "Namba ni mdomo," alikuwa akiniambia, "na viungo ni mwili. Mgonjwa akija, wewe unauamini mdomo?" Nilicheka. Niliona ni maneno ya mtu asiyejua kusoma, anayeogopa namba.

Paskali tulijuana mnadani. Alikuwa analeta vitunguu saumu kutoka Bashay, kijana mrefu, mpole, anayecheka utani wangu baada ya kuufikiria kwanza. Baba yake alikuwa katekista, mtu aliyezunguka vigango vyote kwa baiskeli moja, na mwaka ule akafariki. Matanga hayajaisha, akajitokeza jirani yao, Mzee Tluway, akadai baiskeli ile ni yake. Miaka mingi nyuma, mwaka wa mvua zilizobomoa daraja, baiskeli yake iliibwa nyuma ya nyumba na haikuonekana tena. Muda mfupi baadaye Katekista akaonekana na baiskeli ya aina ileile, nyeusi vilevile, akisema ameinunua mpya Mbulu mjini kwa ng'ombe wawili. "Nani anamwita katekista mwizi akiwa hai?" Mzee Tluway aliwauliza wazee. "Nimenyamaza kwa heshima ya altare. Sasa amelala, naomba changu." Na jambo halikuwa baiskeli tu. Paskali alikuwa amemchumbia Veronika, mahari imeshakubaliwa, na ukoo wa binti ulituma neno moja: harusi ingoje wazee waamue, maana hawapeleki mtoto wao katika nyumba ya mwizi.

Wazee wakasema aitwe fundi. Ikiwa fremu ni ya miaka ile Mzee Tluway aliponunua yake, basi Katekista hakuinunua mpya, na ikiwa ni ya baadaye, Mzee Tluway aombe radhi. Paskali akaja Katesh mbio kumchukua Mzee Salimu, akakuta amekwenda Kondoa kumzika mama yake. Akasimama mlangoni, ananitazama mimi na tupa yangu. "Basi twende wewe," akasema. "Wewe si unajua? Na wewe ni rafiki yangu." Sijawahi kupewa cheo kikubwa hivyo, si kabla wala baadaye. Nilivaa shati jeupe, nikaweka kalamu mbili mfukoni, moja haikuwa na wino, tukapanda Bashay siku nzima tukipokezana kusukuma baiskeli yangu vilimani. Njiani Paskali alinieleza nyumba atakayojenga, dirisha litazame wapi, Veronika anapenda jua la asubuhi jikoni. Mimi nilimweleza mtihani wangu wa mwisho, uliobakiza majuma manne. Tulikuwa vijana wawili, kila mmoja anamsikiliza mwenzake nusu.

Kikao kilikuwa uwanjani kwa mzee mmoja wa ukoo usiohusika, ng'ombe wamefungiwa, pombe ya asali imewekwa kando bila kuguswa. Baiskeli ilisimamishwa katikati kama mshtakiwa. Nilitoa kisu changu, nikainama kukwangua, na mzee aliyeongoza akanyoosha fimbo. "Kijana, unafanya nini?" Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Ng'ombe anayegombewa, unaweza kumkata sikio kabla hajapata mwenyewe?" Wote wakaguna kukubali. Kwetu kukata sikio la ng'ombe ndiko kumtia alama, ndiko kusema huyu ni wangu, na atakayefanya hivyo kabla ya shauri kuamuliwa ameshalivunja shauri. Kwa wazee wale rangi ya baiskeli ilikuwa ngozi. Isiguswe. Na walikuwa na haki yao. Jibu langu lilipaswa kuwa maneno manne tu: bila kukwangua siwezi kusema. Wangengoja. Wazee wa kwetu wanajua kungoja kuliko mawe.

Lakini nilikuwa na kalamu mbili mfukoni. Nilitazama zile nyuso zote zinazoningoja, nikamwona Paskali amekaa karibu na mama yake ananitia moyo kwa kichwa, na nikaona aibu kurudi Katesh bila jibu. Nikasema kuna njia nyingine, ya kisomi, isiyohitaji kisu. Nikaigeuza baiskeli miguu juu, nikafuta grisi kwa mkia wa shati langu jeupe, nikasoma herufi. Daftari lilikuja kichwani lote: ilikuwa herufi ya zamani, ya miaka ile ya Mzee Tluway, miaka mingi kabla Katekista hajasema amenunua yake. Ningeweza kunyamaza hata hapo. "Hii ilitengenezwa zamani," nikasema. "Haikununuliwa mpya mwaka aliousema Katekista." Nikasikia ndama ananyonya. Paskali akasema kwa sauti ndogo, "Soma tena." Nami nikasoma tena, kwa sauti kubwa zaidi, herufi na tarakimu moja moja, kama mwalimu alivyotufundisha. Mama yake aliinuka akaingia ndani. Mzee Tluway hakushangilia, aliivuta baiskeli ile, sasa yake, akaondoka bila kuipanda. Na Paskali alinisindikiza mpaka njia panda, maana mgeni husindikizwa hata akiwa nani, akaniambia, "Safari njema," akageuka.

Juma lililofuata Mzee Salimu akarudi. Nilimsimulia tukiwa tunakula, na nilisimulia vizuri, kwa sababu mimi hata msiba nausimulia vizuri. Aliacha tonge katikati. "Ulikwangua?" "Walikataa, mzee." "Ukawaambia hujui." "Nilisoma namba." Akalisukuma sinia kando. Kisha akaniambia kwamba Katekista aliwahi kugonga jiwe akiwa amebeba magunia mawili, fremu ikapasuka pale chini kabisa, penye mhimili wa pedeli, akaileta Katesh imefungwa kamba. Kipande kipya hakikupatikana. Mzee Salimu alikwenda uani, akachagua fremu iliyokufa, akayeyusha shaba, akachomoa mabomba yote manne, akatoa kile kipande cha chini na kukiunganisha katika fremu ya Katekista kwa shaba ya bomba la maji. Kisha akapaka rangi. "Ile namba uliyowasomea si ya ile baiskeli," akasema. "Ni ya maiti mwingine. Ungekwangua kidogo tu ungeiona shaba yangu, nyekundu, nene, mbaya. Hata kipofu angeipapasa." Akanawa mikono. "Kesho upande Bashay ukawaambie. Au niende mimi." Nikamwambia kosa ni langu, nitakwenda mwenyewe.

Hapa ndipo kalamu inakuwa nzito, ingawa mwili wangu ni mzito zaidi siku hizi. Sikwenda kesho yake. Mtihani ulikuwa umebakiza majuma matatu, na nilijiambia kwamba nikisimama mbele ya wazee wale kusema nilisoma vibaya, habari itashuka Katesh kabla yangu, na nitaingia chumba cha mtihani nikiwa yule msomi asiyejua kusoma. Nipate cheti kwanza, nikasema. Nikiwa na cheti, hata kosa langu litakuwa na heshima. Nilimwandikia Paskali barua, kurasa mbili, mwandiko wa kulala, mwanzo mzuri na mwisho mzuri, kisha nikaiacha ndani ya daftari la Kiswahili. Mzee Salimu aliponiuliza, nikamwambia nimemtuma dereva wa lori la mahindi. Akasema, "Vizuri," akaendelea kunyoosha rimu. Siku chache baadaye nilikuwa najifunza kimya karakanani, nikasikia sauti ya Mama Zuhura nyuma ya pazia. "Dereva amepita hapa leo kunywa chai. Nimemuuliza barua, hajui barua yoyote." Mumewe akajibu, "Najua." "Basi nenda wewe." "Nikienda mimi nitarudisha baiskeli. Kijana huyu nani atamrudisha?" "Na yule wa Bashay anayengoja?" Nilijifunika daftari usoni. Nimelifikiria pazia lile miaka yote hii, na kuna siku nimemlaumu yeye pia. Alinipa nafasi ya kuwa mwanaume kwa gharama ya mtu mwingine. Lakini ningekuwa nimeanza safari siku ileile, hata hilo lisingekuwa na haja ya kusemwa.

Nilifanya mtihani. Siku iliyofuata nikapanda Bashay na Mzee Salimu, yeye akiwa na umri wake na miguu yake mibovu, kwa sababu alisema kazi ile ilikuwa na mafundi wawili. Wazee wakakutana tena. Mzee Salimu akawaeleza shauri la kipande cha chini, na yule mzee wa fimbo akafikiri, kisha akasema ng'ombe huyu ameshapewa mwenyewe, sasa Tluway akiruhusu anaweza kukatwa sikio. Mzee Tluway akaruhusu. Nikapiga magoti nikakwangua, na shaba ya bomba la maji ikatokea, nyekundu, nene kama kovu la panga, ikizunguka kila bomba. Juu, kwenye viungo vingine vyote, ilikuwa nyembamba na ya manjano, na viungo vyenyewe vinene, vya miaka ya Katekista. Mzee Tluway aliipapasa kwa kidole kwa muda mrefu. Hakuwa mwongo yule mzee, alikuwa mtu aliyeibiwa na asiyepata pa kuuweka uchungu wake. Aliisukuma baiskeli mwenyewe mpaka kwa mjane, akaiegemeza ukutani, akavua kofia.

Mama yake Paskali alitupa makande na maziwa ya mgando. Nilisema siwezi kula. "Kula," akasema, "umetoka mbali." Nikala, kila punje kama changarawe. Niliuliza Paskali yuko wapi. Akasema ameteremka Yaeda Chini kuchunga ng'ombe wa watu, hakutaka kuaga. Nikauliza, nikijua sitakiwi kuuliza, kuhusu Veronika. "Ameolewa Dongobesh," akasema, akiniongezea maziwa. "Jumamosi iliyopita." Tangu siku ile nimekuwa hodari wa hesabu moja tu. Kati ya tonge la Mzee Salimu lililoachwa katikati na Jumamosi ile zilikuwepo siku za kutosha mtu kutambaa kwa tumbo kutoka Katesh hadi Bashay, akapumzika njiani, na bado awahi.

Mtihani nilifaulu. Cheti hicho hapo, ukutani, kwenye fremu ya kioo, wateja hukiangalia na kusema hongera mzee. Paskali nilimwona mara mbili tu baada ya hapo, zote mnadani. Alikwisha kumzika mama yake na kuichukua baiskeli, ameoa huko Yaeda Chini, ana watoto. Mara ya kwanza nilimwambia nisamehe, akasema, "Yamepita, Boay," kwa adabu, kama unavyozungumza na askari. Mara ya pili nilimwita, hakusikia, au alisikia. Ile barua ya kurasa mbili sikumpa kamwe. Ningempa ya nini? Ilikuwa imeandikwa vizuri mno.

Basi Magreti alikuwa ameketi anangoja, na fremu imelala juu ya gunia. Nilichukua kisu. Nilikwangua kwanza kiungo cha juu, nikamwonyesha uzi wa manjano. Nikakwangua cha nyuma. Nikagonga, na sauti ikaenda vizuri kisha ikafifia ilipofika chini, kama mtu anayemeza neno. Nilipofika pale chini, rangi niliyoikwangua mimi mwenyewe enzi zile ilikuwa imepakwa upya, na chini yake nikaikuta shaba ya Mzee Salimu, mbaya vilevile, Mungu amrehemu. Namba sikuigeuzia macho. Nikachukua karatasi nikaandika: Fremu hii ilinunuliwa mpya Mbulu na katekista wa Bashay kwa ng'ombe wawili. Kipande cha chini si chake, kiliungwa Katesh baada ya ajali, namba iliyopo hapo isisomwe. Nikaandika jina langu, nikasaini, nikampa. "Mtu wa Arusha anataka mwaka mmoja tu," nikamwambia, "na ule wa zamani ndio wenye bei. Huo siuandiki, mwanangu. Utanisamehe."

Aliisoma mara mbili. Kisha akaikunja, akaitia ndani ya kitambaa pamoja na simu yake. "Mtu wa Arusha yupo kweli," akasema, "lakini baba alisema kwanza nije kwako. Alisema, ukiona anaigeuza na kusoma namba, usibishane naye, lipia kazi yake, iuze tu hiyo baiskeli. Ila akianza kukwangua, irudishe nyumbani." Akainuka, akaanza kuifungia fremu kamba vizuri kwa ajili ya bodaboda, nami nikamsaidia kushika upande wa nyuma. Alikuwa anafunga fundo la mwisho aliposema, bila kuniangalia, "Na alisema ukianza kukwangua, nikupe salamu zake."

Kwetu salamu ya mtu hujibiwa. Unasema nawe mfikishie zangu. Nilifungua mdomo huu mkubwa ambao haujawahi kukosa neno, nikaona hakuna wa kunifikishia.

"Zimefika," nikasema.

Magreti akapanda, akaikumbatia fremu, bodaboda ikashika njia ya kurudi Yaeda Chini.